Nimshonee Richard III kibyongo, au nisimshonee?

Fundi wa Maleba

Habari zenu wadau. Mimi ni mshonaji wa maleba ya jukwaani, huu ni mwaka wa kumi na moja. Kikundi chetu kinaandaa Richard III, tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfalme wa Uingereza wa karne ya 15, na nimekwama kwenye koti moja.

Mwongozaji anataka mwigizaji awe na kibyongo, tena cha kuonekana hadi viti vya nyuma kabisa, na mkono mmoja uliokauka. Nimeshakitengeneza. Nilikata sponji mfano wa nusu ya mpira, nikazungushia pamba ili kingo zisijitokeze, nikashonea kwenye fulana ya ndani na kufunga kwa utepe kifuani ili kisihame jamaa akipigana. Kimekaa vizuri. Kama kazi ya mkono, nakionea fahari.

Shida ilianza nilipotafuta picha za mavazi ya enzi zile, nikakutana na picha ya mifupa yake mwenyewe. Ilifukuliwa Leicester mwaka 2012, chini ya maegesho ya magari, mahali palipokuwa na kanisa la watawa. Uti wa mgongo umepinda kwenda ubavuni kama herufi S. Haukupinda kwenda mbele, kwa hiyo kibyongo hakuwa nacho. Mikono yote miwili ni mizima. Wataalamu walioipima waliandika mwaka 2014 kwamba bega la kulia lilikuwa juu kidogo ya la kushoto, na kwamba fundi mzuri wa nguo angeweza kulificha.

Niliposoma hapo niliweka sindano chini. Kama alivishwa vizuri, basi kulikuwa na mtu wa kazi yangu, karne ya 15, aliyemsimamisha huyu mfalme, akampima bega moja baada ya jingine, akamkatia nguo ili watu wasione. Leo mimi nimekaa kukishona kile alichokificha, tena nimekikuza mara kumi.

Naomba mnisaidie: tamthilia au filamu ya kihistoria ina ruhusa ya kupotoka kiasi gani? Siulizi habari za zipu. Zipu naziweka, kwa sababu mwigizaji ana sekunde arobaini za kubadili nguo na kamba za karne ile hazifunguki kwa sekunde arobaini. Naulizia mtu aliyeishi kweli.

Mzee wa Jukwaa

Shona kibyongo, fundi. Kimo kwenye maneno yenyewe. Richard akiingia tu anatuambia kwa kinywa chake kwamba ameumbwa vibaya, hata mbwa humbwekea akipita. Ukimleta mtu aliyenyooka, hadhira itashindwa kuelewa anazungumzia nini.

Na tukianza kusahihisha, tutaishia wapi? Malkia Margaret anazunguka kwenye jumba la kifalme akiwalaani watu mmoja mmoja, ilhali Margaret wa kweli alifia Ufaransa mwaka 1482, Richard hata hajawa mfalme. Mtoe uone kama tamthilia itasimama. Kwenye Julius Caesar saa inagonga usiku, katika Roma ambayo haikuwa na saa za kugonga. Nimeicheza tamthilia hiyo mara tatu na sijaona mtu akitoka ukumbini kwa sababu ya saa. Mwandishi alikuwa akitafuta ukweli wa moyo wa mtu, tarehe hakuzijali.

Mpenda Nyaraka

Mzee wangu, shikamoo. Kwa Margaret nakubali. Lakini saa ya Roma haina ndugu wa kuumia.

William Murdoch alikuwa afisa wa kwanza wa meli ya Titanic, mzaliwa wa Dalbeattie, Uskoti. Filamu ya mwaka 1997 ilimwonyesha akiwapiga risasi abiria kisha akajiua. Wapo walionusurika waliosema afisa fulani alijipiga risasi usiku ule, ila haijathibitishwa kamwe kwamba alikuwa Murdoch. Mji wake ulikuwa ukimkumbuka kama mtu aliyekufa akishusha mashua za kuokoa watu, na mtoto wa ndugu yake alikuwa bado hai wakati filamu inatoka. Walilalamika mpaka mwaka 1998 kampuni ya filamu ikamtuma kiongozi wake Dalbeattie kuomba radhi, na ikatoa pauni 5,000 kwa ajili ya shule ya pale. Lakini hesabu mwenyewe: ni wangapi waliona filamu, na ni wangapi walisikia radhi?

Au filamu ya U-571 ya mwaka 2000, inayowapa mabaharia wa Marekani kazi ya kunyakua mashine ya siri ya Enigma kutoka nyambizi ya Kijerumani. Waliofanya hivyo Mei 1941 ni mabaharia wa Uingereza, wa meli ya Bulldog, Marekani ikiwa haijaingia vitani.

Na Shakespeare hakuwa akitafuta moyo tu, Mzee. Aliandika chini ya Elizabeth I, ambaye babu yake, Henry VII, ndiye aliyemshinda Richard vitani pale Bosworth Agosti 1485 akachukua taji. Richard mbaya alikuwa na faida kwa waliotawala. Ipo hata picha ya Richard ya kuchorwa ambayo ilipopigwa eksirei ilionekana bega limepandishwa kwa rangi baadaye. Sponji ya fundi ina historia ndefu.

Mfano wa heshima ninaoujua ni Ebrahim Hussein. Kinjeketile Ngwale wa kweli alinyongwa na Wajerumani Agosti 1905, Vita vya Majimaji vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Hussein alipoandika Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969, alibuni mengi, lakini alisema wazi kwenye utangulizi kwamba mtu huyu ni wa kubuni na si yule wa historia. Msomaji anaingia akijua. Mimi ndipo ninapoweka mpaka: buni, ila usiniachie niamini kwamba hukubuni.

Bega la Kulia

Fundi, mgongo wangu umepinda kama wa huyo mfalme. Nilipimwa nikiwa na miaka kumi na tatu.

Tuliisoma tamthilia hii darasani. Mwalimu alipofika pale Richard anapojieleza, wenzangu wawili waligeuka kuniangalia. Hawakusema neno. Sina kinyongo na Richard kuwa mwovu, na wale wapwa zake wawili waliopotea mwaka 1483, ambao wengi wanadhani aliwaua, siwezi kuwasahau. Kinachonichoma ni mwili kutumika kama ushahidi wa roho.

Nikueleze jinsi ulivyo kweli, labda itakufaa kazini. Nikisimama nikiwa nimevaa, huoni kitu. Utaona kola inavutwa upande mmoja, na pindo la shati kulia linapanda. Fundi anayejua kazi huniuliza tu, "Bega lipi?" kisha anaendelea kupima. Lakini nikiinama kuokota kitu, mbavu za kulia zinainuka na kitambaa kinakaza pale. Ndiyo maana mbele za watu huwa siinami, nachuchumaa.

Kwa hiyo maneno ya Richard yaacheni yalivyo. Mtu aliyefichwa vizuri bado anaweza kuamini kwamba mbwa wanambwekea yeye.

Mzee wa Jukwaa

Hilo la kuchuchumaa sikulijua. Bado nasema viti vya nyuma vinahitaji kuona kitu. Ila kuna usiku wa kuamkia vita, Richard yuko peke yake hemani na mizimu inamjia. Hapo anaweza kuvua koti.

Fundi wa Maleba

Nimerudi. Asanteni wote, na wewe Bega la Kulia asante zaidi, nimeusoma ujumbe wako mara nyingi.

Nilimsomea mwongozaji yote haya, pamoja na la hemani. Mkono uliokauka aliuachia papo hapo. Kibyongo tulibishana siku mbili. Mwisho akaniambia nimletee koti alione. Pia amekubali kuandika kwenye karatasi ya utangulizi, kwa mistari michache, mifupa ilionyesha nini na Shakespeare alibadili nini.

Nimefumua utepe na kutoa sponji. Mahali pake, chini ya bega la kulia, nimeweka vipande viwili vyembamba vya sufu nzito, kimoja kidogo kuliko kingine, na mshono wa kati mgongoni nimeukata kwa kuupindisha ili koti lilale kama limenyooka. Nimelifumua mara tatu mpaka likakubali.

Jana mwigizaji alilivaa akajitazama kwenye kioo, mbele na nyuma. Akaniuliza kama nimesahau kuweka kitu. Nikamwambia ainame afunge kiatu. Mwongozaji alikuwa amekaa safu ya nne. Kitambaa kilipokaza, alisimama.