Nauza vifaranga peke yangu, nataka meseji zitoke kwa jina la biashara. Nianzie wapi?

MamaVifa_Moro (mleta uzi)

Habari za majukumu wakuu. Naomba ushauri, hasa kwa waliosajili biashara ya mtu mmoja wakafika hadi kutuma meseji kwa wateja kwa jina badala ya namba ya simu.

Nipo Morogoro mjini. Nauza vifaranga wa siku moja, chotara na wa nyama. Biashara ni yangu peke yangu, sina mshirika. Kuna kijana wa bodaboda tu anayenipelekea maboksi Msamvu yapande basi. Wateja wangu ni 640, wameandikwa kwenye daftari la kaunta: jina, kijiji, simu, tarehe aliyochukua, idadi. Wengi wapo Kilosa, Mikumi, Mang'ula na Ifakara, na zaidi ya nusu wanatumia vitochi. Kwa hiyo WhatsApp kwangu haisaidii.

Kinachonisumbua ni chanjo. Kila mteja namwambia: siku ya 7 kideri, siku ya 14 Gumboro, siku ya 21 kideri tena, siku ya 28 Gumboro tena. Mtu anaitikia vizuri, akifika nyumbani anasahau, ana shamba na watoto. Nikaanza kuwakumbusha kwa meseji kutoka laini yangu ya kawaida. Nilikuwa nakaa jioni na daftari mapajani, natuma mmoja mmoja. Mwezi uliopita nikatuma kwa watu wengi kwa mpigo, laini ikazuiwa kutuma meseji siku tatu. Ndani ya siku hizo tatu kuna mama wa Mang'ula alikuwa na vifaranga 200 wanaotimiza siku saba. Hakukumbushwa. Wiki mbili baadaye kideri kikapita, akabaki na 31. Hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma.

Sina usajili wowote zaidi ya TIN (namba ya mlipakodi) niliyochukulia leseni ya udereva. Lazima nifungue kampuni? Kuna kijana ameniambia nimpe 50,000 atume kwa jina lake ambalo tayari limesajiliwa. Nikubali?

Babu_wa_Shamba

Pole sana mama, na pole kwa huyo mama wa Mang'ula. Hela ya huyo kijana usitoe. Meseji ikifika kwa mteja imeandikwa jina la duka la simu au la kanisa, halafu ndani inazungumzia kuku, nani ataiamini? Watu wamechoshwa na "ile hela nitumie kwenye namba hii". Mimi meseji nisiyoijua asili yake naituma 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wakaifanyie kazi. Na yako ningeituma huko huko.

Dada_wa_Dawa

Dada yangu, mimi nina duka la dawa za mifugo, nami ni peke yangu, na njia hii nimeipita mwaka jana. Kampuni huhitaji. Unachohitaji ni jina la biashara, na BRELA, wale wakala wa usajili wa biashara, wanalisajili kwa mtu mmoja bila shida. Unaingia kwenye mfumo wao wa mtandaoni wa ORS kwa namba yako ya NIDA, unatafuta kwanza kama jina lipo wazi, unajaza aina ya biashara na mahali ilipo, unapewa kontroo namba, unalipa kwa simu. Mimi nililipa 20,000. Cheti unakipakua mwenyewe, usimlipe mtu wa steshenari akufanyie kila kitu kwa barua pepe yake. Mimi nilifanya kosa hilo, nikapoteza miezi miwili kumtafuta ili nipate nywila ya akaunti yangu mwenyewe.

Ila ujue jina la biashara halikutenganishi na biashara. Deni la duka ni deni lako. Kwa vifaranga naona inatosha, ukikua utafikiria kampuni.

Hiyo TIN ya leseni ya udereva ni ile isiyo ya biashara. Nenda TRA waibadilishe iwe ya biashara, namba inabaki ile ile. Watakufanyia makadirio ya kodi, kwa hiyo nenda na daftari lako la mauzo, usiende ukakadiriwa kwa macho. Ukitoka hapo ndipo leseni ya biashara halmashauri.

Nasisitiza mpangilio huu kwa sababu mimi nilianzia mwisho. Nilikwenda kuomba jina la mtumaji kabla ya cheti, nikakataliwa. Jina la biashara, TIN, leseni, halafu ndiyo meseji.

MamaVifa_Moro

Asante sana dada, umenifungua macho. Sasa hilo jina la mtumaji linaombwa wapi? Mtandao wa simu au TCRA?

Fundi_wa_Mitambo

Mkuu hapo nakusaidia mimi, maana SACCOS (vyama vya akiba na mikopo) mbili za huku kwetu ninawatumia meseji.

Wewe mwenye wateja 640 huendi mtandao wa simu moja kwa moja. Unajiunga na kampuni ya meseji za mkupuo, ambayo imeunganishwa na mitandao yote. Unafungua akaunti kwao, unaambatisha cheti cha BRELA, TIN, kitambulisho, na barua yenye kichwa cha biashara yako inayoomba jina fulani, ikieleza utatuma meseji za aina gani, na mfano mmoja wa meseji. Barua weka sahihi na muhuri. Wao wanapeleka kwenye mitandao, na kila mtandao unajibu kwa wakati wake. Unaweza kuruhusiwa Airtel leo, Vodacom wiki ijayo. Usitume kwa watu wote mpaka mitandao yote imejibu, la sivyo nusu ya wateja hawatapata na wewe utadhani wamepata.

Jina lenyewe: mwisho ni herufi 11, nafasi nazo zinahesabiwa. MAMAVIFARANGA ni 13, halipiti. Na usiombe VIFARANGA peke yake, jina la jumla namna hiyo linaweza kukataliwa kwa kuwa si lako. Liwe na uhusiano na jina lililo kwenye cheti, hapo ndipo wengi wanapokwama.

Halafu daftari. Ukihamishia kwenye eksel, ile sifuri ya mwanzo kwenye namba inamezwa. Andika zote kwa kuanzia 255, bila sifuri na bila alama ya kujumlisha. Na usigawe wateja kwa kuangalia 075 au 078 ukadhani unajua mtandao wa mtu. Tangu 2017 mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake.

Babu_wa_Shamba

Mimi nauliza kwa niaba ya sisi wapokeaji. Hao 640 waliulizwa kama wanataka meseji?

Mwanasheria_Mtaani

Babu ameuliza swali la maana kuliko yote humu. Mama, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakataza kumtumia mtu meseji ya biashara ambayo hakuiomba, isipokuwa amekubali, meseji ijitambulishe mwanzoni imetoka kwa nani na kwa lengo gani, na apewe njia ya kujitoa. Kisha ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Daftari lako lenye majina, vijiji na simu za watu ni taarifa binafsi, hata kama limejaa vumbi la pumba. Udogo wa biashara usikufanye uone haikuhusu. Wanaokusanya taarifa hizo wanatakiwa kujisajili Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ingia kwenye mfumo wao ukamilishe na hilo.

Njia rahisi ya ridhaa: ongeza safu moja kwenye daftari. Mteja akichukua boksi muulize, "Nikukumbushe chanjo kwa meseji?" Akisema ndiyo, weka tarehe na saini yake. Wa zamani wapigie. Na kukubali kukumbushwa chanjo si kukubali kutangaziwa bei ya kuku wa sikukuu. Hayo ni maswali mawili, waulize yote mawili.

MamaVifa_Moro

Nimesoma yote mara mbili, na kumsomea mume wangu. Babu, ni kweli sikuwahi kuwauliza. Niliona nawafanyia wema, nikadhani inatosha. Naanza kupiga simu kesho, ishirini kwa siku.

---

*(wiki sita baadaye)*

MamaVifa_Moro

Wakuu, narudi na mrejesho. Cheti cha BRELA ninacho, TIN imebadilishwa, leseni nimepata. Tume nimeshapeleka maombi. Jina la mtumaji ni MAMAVIFA, herufi 8, ndivyo wateja wanavyoniita. Mara ya kwanza lilikataliwa kwa sababu kwenye cheti nilikuwa nimeandika jina refu lisilofanana nalo, ikabidi barua ieleze kuwa ni kifupisho. Mtandao wa mwisho umejibu juzi.

Kati ya 640 nimewapata 588. Waliokubali kukumbushwa chanjo ni 571, bei za sikukuu wamekubali 240 tu. Namba nyingine hazipatikani kabisa, nimezifuta.

Kabla sijatuma naomba mnikagulie meseji hii ya wateja wa ukanda wa Mang'ula:

*MAMAVIFA: Kesho vifaranga wako wanatimiza siku 7. Wape chanjo ya kideri asubuhi, kwa maji yasiyo na klorini. Wakala wa Mang’ula yupo. Kujitoa jibu ACHA.*

Fundi_wa_Mitambo

Hongera sana mkuu! Usitume kwanza. Kuna mambo mawili.

La kwanza, meseji ikitoka kwa jina mteja hawezi kuijibu, hakuna namba ya kupokelea. "Jibu ACHA" haitafika popote. Andika "Kujitoa piga" halafu namba ya dukani.

La pili ni hiyo koma ya juu kwenye Mang'ula. Umeandikia kwenye kompyuta, ikakuwekea ile iliyopinda. Mitambo ya meseji inaijua ile iliyonyooka tu. Ikikuta iliyopinda, meseji nzima inahamia mfumo wa herufi za pekee, na herufi zinazoingia kwenye meseji moja zinashuka kutoka 160 hadi 70. Meseji yako ingehesabiwa moja, sasa inahesabiwa tatu. Ukiwatumia wote 571 kwa mtindo huo ungelipia 1,713. Emoji ya kifaranga nayo ndivyo inavyofanya, usiiweke.

Dada_wa_Dawa

Hiyo ya koma sikuijua, na mimi nina wateja Ng'apa! Kumbe ndiyo maana salio langu la meseji linaisha haraka.

Mama, kwenye chanjo ongeza "wanyime maji kwa muda wa saa 2 kabla". Wasipokuwa na kiu hawamalizi maji ya chanjo.

MamaVifa_Moro

Nimerekebisha:

*MAMAVIFA: Kesho vifaranga wako siku 7. Wanyime maji kwa muda wa saa 2, kisha wape chanjo ya kideri kwa maji yasiyo na klorini. Kujitoa piga* na namba ya dukani.

Mang'ula nimeitoa, wakala wanamjua. Nimejitumia mwenyewe kwanza, kwenye kitochi cha mama mkwe, imefika ikiwa moja, juu imeandikwa MAMAVIFA.

Yule mama amechukua wengine 100 Jumatano iliyopita. Kesho wanatimiza siku saba. Yake nimeipanga itoke leo saa 12 jioni, muda anaotoka shamba.

Babu_wa_Shamba

Na mimi niandike mama. Nipo Dumila, nataka hamsini wa chotara. Ndiyo, nikumbushe chanjo. Bei za sikukuu pia nitumie.