Maiki kwenye sabufa haisikiki, nimeunda priampu ya transista moja nayo inavuma tu. Msaada wakuu (niko Mikindani)

Msaidizi wa Ustadhi

Wakuu salaam. Mimi si fundi, naomba mlijue hilo mapema ili msinirushie maneno makubwa.

Namsaidia ustadhi kufundisha watoto kaswida hapa Mikindani, na Mfungo Sita, mwezi wa maulidi, hauko mbali. Madrasa ina sabufa, zile zenye matundu mekundu na meupe nyuma, na maiki moja ya waya ya karaoke. Nikiichomeka maiki kwenye AUX (yale matundu ya kuingizia sauti) na kufungulia sauti mpaka mwisho, mtoto anasikika kama yuko Msimbati na sisi tuko huku. Simu ikichomekwa palepale, sabufa inanguruma mpaka majirani wanachungulia. Kwa hiyo sabufa nzima.

Jamaa mmoja fundi redio akaniambia hapo katikati panatakiwa priampu, yaani kisakiti cha kuikuza sauti ya maiki kabla haijafika kwenye sabufa. Akanichorea kwenye karatasi ya daftari: transista BC547 moja (miguu yake mitatu inaitwa kolekta, besi na emita), rizista ya kilo-omu 4.7 kutoka chanya kwenda kolekta, rizista ya mega 1 kutoka kolekta kwenda besi, emita kwenye hasi, kapasita moja ya kuingilia na moja ya kutokea, betri ya volti 9. Kisha akaenda Newala kwenye mambo ya korosho na simu haipatikani.

Vipuri nimevinyofoa kwenye bodi ya redio mbovu. BC547 sikupata, nikaweka C945, niliambiwa ni zilezile. Betri sikuwa nayo, nikatumia chaja ya simu. Nikiwasha, mvumo mzito "mmmmm", sauti ya mtoto hakuna kabisa. Nimekosea wapi?

Kobe wa Shangani

Nunua mixa ndogo mkuu, maulidi hayasubiri mtu ajifunze ufundi.

Msaidizi wa Ustadhi

Hela ya mixa ndiyo hela ya kukodi viti na maturubai, kaka.

MzeeWaRisasi

Kijana usikate tamaa, mchoro uliopewa ni mzuri. Kwanza elewa kwa nini maiki peke yake haisikiki, maana ukilielewa hili mengine yatajipanga. Maiki ya karaoke ndani ina koili ndogo kwenye sumaku. Mtu akiongea karibu nayo inazalisha milivolti moja au mbili, basi. Simu inatoa mamia ya milivolti, na AUX ilitengenezwa kwa ajili ya kitu kama simu. Unachohitaji ni kuikuza sauti ya maiki mara mia hivi, na transista moja inaweza kazi hiyo bila kutoa jasho.

Sasa fanya hivi kabla hujagusa pasi ya kulehemu. Hiyo chaja iweke pembeni. Chaja za simu zinakatakata umeme ndani kwa kasi, na uchafu wake ukikuzwa mara mia unasikika wote. Tafuta betri ya mraba ya volti 9. Sakiti yako inakula kama miliampea 1, kwa hiyo betri haitakufilisi. Halafu azima mita ya kupimia volti, mkono mweusi kwenye hasi, mwekundu kwenye ule mguu wa transista uliouunganisha na rizista ya 4.7. Niambie inasoma ngapi.

Dogo Nachingwea

Hapo pabovu ni transista yenyewe, haina nguvu. Weka IC (kile kidude chenye sakiti nzima ndani) ya LM386, mimi niliweka kwenye redio yangu na inapiga vizuri tu.

MzeeWaRisasi

LM386 ni ya kusukuma spika ndogo, mdogo wangu. Inafanya kazi yake vizuri, ila yeye spika anayo tayari, tena kubwa. Ukiifunga mbele ya sabufa atapata "shhhh" nyingi kuliko kaswida. Angekuwa anataka IC ningemwambia NE5532 au TL072, lakini hizo zinahitaji rizista za kugawa volti katikati na vipuri zaidi. Amalize hii aliyoianza.

Msaidizi wa Ustadhi

Nimepata betri dukani pale stendi, na mita nimeazima kwa fundi TV. Mvumo umepungua sana lakini upo. Sauti bado hakuna. Mguu wa rizista ya 4.7 unasoma 8 na ushee.

MzeeWaRisasi

Nilijua. Ingekuwa inafanya kazi ungeona 3 mpaka 5, yaani transista inashika volti katikati ili ipate nafasi ya kupanda na kushuka na sauti. Ikisoma karibu na betri nzima, maana yake imelala.

Aliyekwambia C945 na BC547 ni zilezile alisema nusu. Kazi zinafanana, miguu haifanani. Elekeza uso bapa kwako, miguu ikitazama chini. BC547 kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita. C945 ni emita, kolekta, besi. Wewe umeichomeka kwenye matundu ya BC547, kwa hiyo besi yake imekaa kwenye hasi na emita inakula volti za betri. Haiwezi kuamka hata ukiisomea dua.

Msaidizi wa Ustadhi

Kumbe! Nikiigeuza nyuma mbele itakaa sawa?

Bint Mtama

Hapana kaka, tusiharakishe. Ukiigeuza itasomeka besi, kolekta, emita. Emita imepata mahali pake lakini hiyo miwili imebadilishana. Igeuze, kisha ipishanishe miguu ya besi na kolekta, na mmoja uuvalishe ganda la waya ili isigusane. Na kama redio ile ina C945 nyingine, tumia nyingine. Hiyo ya kwanza imepigwa volti kinyumenyume, inaweza kuwa inafanya kazi lakini imechoka, inaongeza mchakacho.

Halafu nikuulize. Mchoro wako una rizista inayotoka chanya kwenda kwenye waya wa maiki? Wengi wanachora hivyo.

Msaidizi wa Ustadhi

Ipo dada, ya kilo 10. Alisema "ukiona haifai itoe". Sikujua nitaonaje.

Bint Mtama

Itoe. Hiyo ni ya vile vimaiki vidogo vya duara vinavyokaa kwenye simu na hedifoni. Vile vina transista ndani na havipumui bila kupewa volti. Maiki ya karaoke yenye koili haitaki volti. Ukiipitishia umeme huo, koili inavutwa upande mmoja na sauti inakuwa imebanwa. Mimi nilianza na kimaiki cha simu mbovu, kikakataa siku mbili, kumbe nilikigeuza: mguu unaogusana na ganda la bati ndio hasi.

Kobe wa Shangani

Nyie watu mnajua mambo. Nimekuja kucheka nimebaki kusoma.

Mvuvi Mstaafu

Umeme chukua ndani ya sabufa, fungua tu utaona volti 12 mle.

MzeeWaRisasi

Ndugu yangu usimpeleke mtoto wa watu huko. Ndani ya sabufa kuna volti 230 zinazoingia, na anayesema "utaona tu volti 12" ameshazoea kutofautisha. Betri inatosha. Hata umeme ukikatika, na huku kwetu mnajua unavyokatika, priampu itabaki hai. Sabufa ndiyo itakayonyamaza, haya.

Kijana, mvumo uliobaki. Kutoka kwenye bodi kwenda AUX umetumia waya gani?

Msaidizi wa Ustadhi

Ule wa spika, mwekundu na mweusi. Mita 3 hivi.

MzeeWaRisasi

Huo ni antena. Unadaka umeme wa nyumba, hezi 50, ndiyo hiyo "mmm". Weka waya wenye wavu wa shaba unaozunguka ule wa kati, wavu uende kwenye hasi pande zote mbili. Hata kipande cha waya wa antena ya TV kinafaa, ni kigumu tu kukunja. Bodi iweke karibu na sabufa, ifungie ndani ya kopo la maziwa la bati, na kopo liunganishe na hasi. Tandika kadi ya boksi chini ili miguu isiguse bati.

Msaidizi wa Ustadhi

WAKUU. Nimetumia C945 nyingine, nimepishanisha miguu, rizista ya kilo 10 nimeitoa, nimeweka waya wa antena. Kolekta inasoma 4.2. Mtoto wa kwanza alivyosema "Bismillahi" wenzake wote wakarudi nyuma. Mvumo umebaki mdogo, ukiweka sikio kwenye spika ndipo unausikia. Kopo nalitafuta.

Tatizo jipya: akisogea mbele ya sabufa inapiga mluzi wa kuchoma masikio. Na wanaopaza sauti sana inakwaruza.

Bint Mtama

Hongera! Mluzi si kosa la sakiti. Sauti inatoka kwenye spika inarudi kwenye maiki inazunguka. Sabufa iwe mbele, watoto nyuma yake, maiki isiitazame. Besi ya sabufa, yaani ile sauti nzito, ipunguze kabisa. Na hapo kwenye kutokea weka voliumu ya kilo 10 (ile ya kuzungusha kuongeza na kupunguza sauti), utainyofoa kwenye redio ileile. Mguu mmoja wa pembeni kwenye kapasita ya kutokea, wa pili hasi, wa kati ndio uende AUX. Ila mtoto anayepaza sana mwambie aiache maiki kiganja kimoja kutoka mdomoni, maana mkwaruzo ukianzia kwenye transista voliumu haiondoi.

Msaidizi wa Ustadhi

Voliumu imekaa. Ustadhi ameuliza kama naweza kuongeza maiki ya pili kwa ajili ya dufu.

MzeeWaRisasi

Redio ile ina C945 ngapi zimebaki?