Betri za lithiamu zilokufa: zichomwe, zitiwe asidi au zitumike tena?

FundiDarajani
Asalaam aleikum jamani. Dukani nna ndoo imejaa betri za simu, laptopu na taa za sola, zengine zishavimba kama andazi. Kuzitupa jaani roho haitaki kabisa, zikiwaka moshi wake tunauvuta sote. Nasikia viwandani kuna kuchoma, kuna asidi, na kuna kuifufua poda yenyewe ya ndani ya betri. Ipi inaharibu kidogo?

mkemia_Tunguu
Waaleikum salaam. Kuchoma ni tanuri la digrii 1400 hivi au zaidi, unapata kobalti, nikeli na shaba lakini lithiamu na alumini zinapotelea kwenye mavi ya chuma. Asidi afadhali sana: betri inasagwa unapata unga mweusi, unaulowekea asidi ya salfa na haidrojeni peroksidi, lithiamu nayo unaipata, ila maji machafu yake lazima yasafishwe. Maabara wanatumia hata asidi ya sitriki, hii hii ilomo kwenye ndimu, na inafanya kazi. Kufufua poda ndo kunakula umeme mdogo, unairudishia tu lithiamu ilopungua, lakini kunataka betri za aina moja na ndoo yako ni mchanganyiko mtupu.

MwanaWete
Mie naona mnaruka hatua, pimeni kwanza! Pakiti ya laptopu ikifa mara nyingi ni seli moja mbili tu mbovu, huku Pemba kuna fundi anazitoa moja moja, nzima anazifungia taa za wavuvi wanaokwenda dago. Seli ilokaa chini ya volti 2 usiichaji tena, hata ikionekana nzima, maana shaba ya ndani huenda ishaanza kuyeyuka na ukiilazimisha inaweza kupiga shoti.

BiMkunazini
Na zile kubwa za sola za majumbani?

mkemia_Tunguu
Nyingi za sasa ni chuma na fosfeti, hazina kobalti wala nikeli, kwa hiyo mwenye tanuri hana faida nazo. Ndo maana mie nasimama na asidi. Ulaya sheria yao ya 2023 inataka asilimia 50 ya lithiamu irudi ifikapo mwisho wa 2027, na 80 mwisho wa 2031, tanuri peke yake halifiki huko.

FundiDarajani
Nizimalize chaji kwenye maji ya bahari?

mkemia_Tunguu
Usithubutu yakhe! Ncha zinaoza, maji yakiingia ndani yanatoa haidrojeni floraidi, gesi inayounguza mapafu. Ziba ncha kwa tepu, zifukie kwenye mchanga mkavu ndani ya ndoo ya chuma, zilovimba mbali na wenzake, na zote mbali na jua.

FundiDarajani
Tepu ninayo, mchanga nautafuta leo. Mafundi wa mjini wenye ndoo kama yangu semeni hapa, tuziweke pahala pamoja, kiwanda hakisumbukii kilo mbili tatu.