Mbwa wa Mama: gumzo la kikundi cha "Nyumba ya Bamburi"

Kadzo, 19:04
Hamjambo nyote. Lile jambo la mbwa wa Mama tulimalize leo. Yule muuzaji wa Nyali amebakiwa na wawili, mmoja Shih Tzu, mwengine Lhasa Apso. Picha hizo hapo juu. Ati ni wamoja tu, tuchague rangi.

Mjomba Charo, 19:06
Hizo ni picha mbili za mbwa mmoja.

Kadzo, 19:06
La mjomba, ni wawili 😂

Karisa, 19:07
Mimi naona matambara mawili ya kupigia deki.

Mjomba Charo, 19:09
Kwani mbwa wa kawaida wameisha? Hapa Kisauni mlangoni kwangu wako watatu hawana mwenyewe. Wanakula hata ugali wa jana. Bure.

Kadzo, 19:10
Mjomba, Mama ana miaka 71 na lile goti. Hao wako ukiwashika mnyororo wao ndio wanakutembeza.

Mapenzi, 19:15
Shikamooni wakubwa. Shangazi, huyo muuzaji ama hajui ama anataka kuuza tu. Hizo ni mbegu mbili tofauti. Ila kuchanganyikiwa si dhambi, hata Uingereza miaka ya 1930 walipoletwa waliwekwa kundi moja, wote wakaitwa Apso, mpaka wafugaji wakabishana ndipo wakatengwa.

Karisa, 19:16
Marahaba daktari wa ng'ombe.

Mapenzi, 19:16
Bado mwaka mmoja ba'mkubwa 😅
Nywele zisiwapoteze, angalieni uso. Wa kushoto pua imebonyea, macho mviringo yametokeza. Huyo Shih Tzu. Wa kulia pua ina urefu kidogo na macho yamekaa ndani. Huyo Lhasa.

Kadzo, 19:18
Basi mimi nampenda wa kushoto. Nilipokwenda kuwaona alinipanda mapajani, akalala hapo hapo. Yule mwengine alinibwekea tangu getini.

Mapenzi, 19:23
Ndiyo kazi zao shangazi. Shih Tzu alifugwa majumba ya wafalme Uchina, kazi yake kupakatwa. Lhasa ni wa Tibet, alikaa ndani ya nyumba za watawa kama bawabu. Mgeni akiingia lazima aseme. Na ana kichwa chake, humwiti mara moja akaja.

Lakini mimi naogopa ile pua. Mbwa hatoi jasho kama sisi, joto analitoa kwa kuhema. Mwenye pua bapa njia ya hewa imebanana, basi anahema sana na kupoa kidogo. Tena hewa yetu ya pwani ina unyevu, hata huko kuhema hakumsaidii vile inavyotakiwa. Wa pua hiyo joto linaweza kumuua mchana mmoja.

Karisa, 19:25
Na nyumba ya Mama ni mabati. Ngoja kaskazi ya Februari, stima ipotee saa nane mchana, feni isimame. Mimi mwenyewe pua ndefu huwa nataka kufa.

Kadzo, 19:26
Mbona kule kwa muuzaji alikuwa ametulia?

Mapenzi, 19:26
Kule kuna kiyoyozi shangazi.

Kadzo, 19:27
😶

Mapenzi, 19:29
Tena macho yaliyotokeza hukwaruzika upesi, na uwanja wa Bibi ni mchanga mtupu. Sisemi Lhasa hapati joto. Yeye pia atembezwe alfajiri, maji yasikauke bakulini, nywele zikatwe fupi (zisinyolewe upara, ngozi itaungua). Ila ana nafuu.

Mjomba Charo, 19:31
Mbwa ana kinyozi. Dada yangu, dunia imekwisha.

Saumu, 19:34
Asalaam aleikum. Nami niseme kidogo. Simkatazi mama mkwe, nyumba ni yake. Lakini sisi mate ya mbwa ni najisi, chombo akikilamba kinaoshwa mara saba, moja kwa mchanga. Naomba tu awe na bakuli zake, na jikoni asiingie. Na ule mkeka wangu wa kuswalia ulioko huko nitaurudisha nyumbani.

Kadzo, 19:35
Hiyo ni haki yako wifi. Tutamwekea mahali pake barazani.

Saumu, 19:37
Ahsante. Sasa kuna huyu mtoto wetu wa miaka mitatu. Paka wa jirani mkia ameubakisha kwa bahati. Huyo Lhasa atamvumilia?

Mapenzi, 19:39
Hapo sikudanganyi mama mkubwa. Shih Tzu angemvumilia zaidi. Lhasa akivutwa anaweza kung'ata.

Karisa, 19:40
Sasa huyu joto, yule meno. Tumerudi mwanzo.

Mjomba Charo, 19:41
Wangu watatu bado wako mlangoni.

Mapenzi, 19:44
Yeyote mtakayemchukua, muulizeni muuzaji kadi ya chanjo, na muombe kumuona mama yake. Asiwe chini ya wiki nane. Ya kichaa cha mbwa nitahakikisha mwenyewe kila mwaka. Na kupe, tafadhali, kupe wa huku hawachagui mbegu.

Kadzo, 19:46
Mama umesoma? Naona unaandika unaacha, unaandika unaacha.

Mama, 19:58
Nimesoma yote. mnaniongelea kama sipo

Mama, 20:01
Huyo wa kulala simtaki. Tangu baba yenu aondoke nyumba hii imelala vya kutosha. Nileteeni mwenye mdomo. Akija mtu nijue kumekuja mtu

Mama, 20:03
Watoto wa Karisa wakija tutafungia chumba cha nyuma

Mapenzi, 20:03
Bibi, tutafungia nani, mbwa ama watoto?

Mama, 20:05
Tutaona siku hiyo nani ana kelele

Saumu, 20:05
😂😂😂 Mama!

Kadzo, 20:07
Basi Lhasa. Nampigia muuzaji sasa hivi. Michango nitumieni kwenye simu yangu kabla ya Jumanne. Mjomba, nimeona umesoma.