Wanabodi wa shule zetu Lamu walikuwa nani kabla ya kukalia viti? Tupeane uzoefu

Binti Langoni
Assalaam alaykum wandugu. Juzi tuliitwa wazazi shuleni tuambiwe habari za kuchagua bodi mpya. Tukasomewa orodha: jina, mtaa, basi. Mama mmoja akauliza, "Huyu wa tatu kazi yake ni nini?" Akajibiwa kuwa hilo si la leo. Nimerudi nyumbani na moyo haujatulia. Hawa ndio watakaopitisha bajeti, ndio watakaoajiri mpishi, bawabu na walimu wa bodi, ndio watakaokaa na kesi ya mwanangu siku akitakiwa kufukuzwa. Vipi nisijue walikotoka? Naomba tupeane uzoefu. Wanabodi wa kwenu walitoka katika kazi gani, na kazi hiyo ilileta nini shuleni? Majina ya watu na ya shule tuyaweke kando.

Mkaaji wa Shela
Kwetu wawili walikuwa wenye nyumba za wageni. Wanajua kuomba msaada kwa wazungu, hilo siwanyimi, maktaba ilijaa vitabu. Lakini kikao kikiangukia msimu wa watalii hawaonekani.

Maalim Mstaafu
Waalaykum salaam binti yangu. Nimewahi kukaa kwenye bodi nikiwa mwakilishi wa walimu, na hapa ndipo watu wanapochanganya mambo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 56, imegawa viti. Sita ni vya kuchaguliwa kwa niaba ya wazazi au jamii ya hapo, kimoja cha anayependekezwa na bodi ya elimu ya kaunti, kimoja cha walimu, vitatu vya mfadhili wa shule, kimoja cha makundi maalumu katika jamii, kimoja cha watu wenye mahitaji maalumu. Mwakilishi wa baraza la wanafunzi naye huhudhuria. Wakishakaa, wanaweza kujiongezea watu wasiozidi watatu wenye ujuzi wanaouhitaji. Basi hao watatu ndio mlango wa kuleta fundi, mhasibu au daktari. Bodi niliyokaa mimi ilivitumia viti hivyo kuwalipa fadhila marafiki. Nilipinga, nikazidiwa kura.

Kijana wa Mkomani
Hapo kwa fadhila umegonga penyewe, Maalim.

Mjukuu wa Nahodha (Pate)
Mada hii imenitonesha kidonda. Nilikuwa mwakilishi wa wazazi katika shule moja ya upili visiwani. Kwenye bodi alikuwamo mzee mmoja nahodha, amezeekea baharini, skuli aliiacha mdogo. Alikuwamo pia bwana mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ana digrii, na hapiti kikao bila kuitaja.

Tukajenga maabara. Siku ya hesabu likaletwa faili: simiti, nondo, mabati, nauli ya mashua kutoka Mokowe. Kila karatasi ina mhuri wake. Zikazunguka mezani, mtu akipokea anatia sahihi anampa mwenzake. Zilipofika kwa mzee hakushika kalamu. Akaomba asomewe jina la chombo kilichobeba simiti, na tarehe. Akasomewa. Akaomba tarehe irudiwe. Kisha akasema, "Chombo hiki siku hiyo kilikuwa pwani, kimepandishwa, kinatiwa kalafati, nyufa zinazibwa. Pamba yake nimeisokota mimi kwa mikono hii. Simiti ilikuja na nini?"

Yule bwana akacheka, akasema mzee wetu umri umekwenda, amechanganya siku. Mzee hakupandisha sauti. Akaeleza kuwa chombo kikubwa kama kile hupandishwa kwa maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na kikishakaa juu hakishuki mpaka bamvua jingine, maana maji mafu hayakifikii. Akahesabu mwezi kwa vidole mbele yetu sote, akaanzia siku tuliyokuwa nayo akirudi nyuma. Tarehe ya kwenye karatasi ikaangukia katikati kabisa, chombo kikiwa kimelala mchangani.

Akaitwa kijana wa stoo. Aliingia anatetemeka. Akasema mifuko aliyoipokea haifiki nusu ya ile iliyoandikwa, na sahihi aliletewa nyumbani usiku akaambiwa atie. Hapo bwana yule akasimama akapiga meza, akamwita mzee wa watu "baharia asiyejua alifu wala be". Wallahi neno lile liliniuma kuliko simiti. Nami nikasimama, nikamwambia alirudishe. Kikao kikavunjika kwa kelele. Baadaye wakaja wakaguzi, bwana akajiuzulu, tukaambiwa ni kwa sababu za kifamilia. Maabara ilisimama kwenye linta muda mrefu, na watoto wa mwaka ule walifanya mtihani wa kemia bila kuwahi kushika chupa ya asidi.

Kijana wa Mkomani
Subhanallah. Hii ya bamvua sikuitarajia.

Mama Hindi
Nimesoma mara mbili. Huyo kijana wa stoo alifanywaje?

Mjukuu wa Nahodha (Pate)
Alifukuzwa kazi. Yeye peke yake.

Mhasibu wa Mokowe
Poleni sana. Lakini ndugu, na mimi niseme yangu. Msitoke hapa mkidhani elimu haina kazi. Mtu anayejua hesabu angeikamata simiti hiyo kabla ya pesa kutoka: unaweka agizo, hati ya kupokea mzigo na ankara pamoja, unalinganisha, zisipooana hundi haitoki. Mmeokolewa na bahati kuwa mzee alikuwa akikitengeneza chombo kile kile. Wangeandika jina la chombo kingine je?

Mjukuu wa Nahodha (Pate)
Bahati? Mzee anavijua vyombo vyote vya mwambao huu kwa tanga zake. Na elimu unayoisifu ndiyo aliyoitumia mwizi kupanga faili likapangika.

Mhasibu wa Mokowe
Usinitie katika kapu la mwizi. Nimesema hesabu, sikusema digrii.

Mjukuu wa Nahodha (Pate)
Na mimi sikukutaja wewe.

Maalim Mstaafu
Basi jamani, msigombane. Mjukuu, hebu tuambie, mzee yuko hai? Bado yumo bodini?

Mjukuu wa Nahodha (Pate)
Yuko hai, alhamdulillahi. Muda wake ulipokwisha tulimbembeleza arudi, akakataa. Alisema kila kikao anasomewa karatasi na mtu mwingine, na siku akisomewa na asiyemwamini atatia kidole kwenye dhambi ya wengine.

Mhasibu wa Mokowe
Hapo mzee amesema neno zito. Namheshimu.

Muuguzi wa Kipungani
Nimeona mmezama kwenye simiti, nami nataka kuleta jingine. Bodi ya shule ya msingi ya binti yangu ilikuwa na wafanyabiashara, mstaafu wa serikali na wavuvi, wote waume. Kila mwaka walizungumza ua, lango, rangi ya ukuta. Akaja mama mmoja mkunga, ameshika watoto wa kijiji kizima. Kikao chake cha kwanza akaomba watembee mpaka vyoo vya wasichana. Milango mitatu haina komeo hata moja, wasichana wanashikiana mlango kwa zamu, na ndoo ya maji iko mbali upande wa wavulana. Kumbe ndiyo maana wasichana wa darasa la nane walikuwa wakikosa siku kadhaa kila mwezi, na walimu wanaandika "utoro". Makomeo yalinunuliwa wiki ile ile kwa pesa ndogo sana. Waume wale hawakuwa wabaya, ila hakuna aliyewahi kuingia mle.

Mama Hindi
Allah amzidishie. Hiki ndicho kiti ninachokitaka mimi.

Mkaaji wa Shela
Gombea basi, mama. Kifungu hicho hicho cha 56 kinataka uteuzi uangalie usawa wa kijinsia.

Kijana wa Mkomani
Mimi nasema swali la kwanza liwe: mtoto wako anasoma hapa? Kama watoto wake wako shule ya kulipia Mombasa, hapa anatafuta nini?

Maalim Mstaafu
Hapana mwanangu, hilo litatukosesha watu wazuri. Mimi wanangu walishamaliza wote. Na viti vya mfadhili havina sharti hilo, mfadhili huleta watu wa kulinda upande wa dini na wa msaada.

Kijana wa Mkomani
Wewe Maalim twakujua. Nasemea wale tusiowajua.

Bibi wa Matondoni
Mchagueni aliyewahi kushika pesa za arusi akarudisha chenji. Ukimpata wa hivyo usimwache, hata kama anauza makuti.

Mhasibu wa Mokowe
Bibi, kwa hilo sina la kupinga.

Binti Langoni
Nawashukuru wote. Nimekaa na akina mama wanne tumeandika ya kuwauliza wagombea mbele ya wazazi, kabla majina hayajapelekwa kwa bodi ya elimu ya kaunti inayoteua. Umefanya kazi gani, na wapi? Wewe au jamaa yako wa karibu anaiuzia shule kitu chochote? Uko tayari kila karatasi ya matumizi isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, kabla ya sahihi? Na utakwenda kuviona vyoo?

Mkaaji wa Shela
La pili litaleta ugomvi. Mji mdogo huu, kila mtu jamaa ya mtu.

Mhasibu wa Mokowe
Ndiyo maana liulizwe. Akisema ndiyo, anaandikwa, na siku ya zabuni hiyo anatoka nje. Si lazima akose kiti.

Mjukuu wa Nahodha (Pate)
Ongezeni la tano: kijana wa stoo anaajiriwa na nani, na akiona wizi amwambie nani asifukuzwe.

Binti Langoni
Nimeliongeza. Kikao ni Jumamosi saa nne asubuhi. Muuguzi, utakuja?

Muuguzi wa Kipungani
Boti ikiwahi nitakuwapo, na mkunga nimeshamwambia.