Mrejesho: kibali cha kuua kwelea kwelea, Nzega

Wakuu habari za saizi, niliuliza hapa kama naweza kupuliza sumu mwenyewe kwelea kwelea, wale ndege wadogo wanaomaliza mpunga wangu huku Nzega, na muuza dawa mmoja alishaniambia we puliza tu hao hawana mwenyewe. Asanteni mlionizuia. Nilienda kwa afisa kilimo wa kata akanielewesha vizuri, kumbe ndege nao wamo kwenye Sheria ya Wanyamapori ya 2009, na kupuliza kwelea ni kazi ya serikali kupitia TPHPA wale wa afya ya mimea. Wewe kazi yako ni kutafuta wanapolala na kutoa taarifa mapema, maana wanapulizwa jioni wakisharudi malaloni, sio shambani. Tulizunguka siku tatu na vijana mpaka tukayakuta malalo yao kwenye miiba, taarifa ikaenda halmashauri, ndege ya kupuliza dawa ikaja.

Jamani msiokote wale waliokufa mkala, ile sumu ni kali na hata mwewe akiwala anakufa, hili limeniuma kweli. Mi bado naamia, yaani nafukuza ndege shambani, kuanzia alfajiri, kwelea mmoja anakula kama gramu 10 kwa siku, hesabuni wenyewe wakija milioni.