Riwaya ya ranchi ya Montana, 1924: ugomvi wa ndugu na penzi la siri nivipandikize wapi?

kalamu_ya_mwanzi:
Wakuu, naomba utaalamu wenu. Riwaya inatokea Montana, Marekani, mwaka 1924. Mama mjane, wana wawili, ng'ombe majike 300. Mkubwa hajaoa, mdogo ameleta mke. Huyo mke na shemeji yake wanapendana bila kutamka. Waliosoma rasimu wanasema ugomvi hauna mzizi, na penzi linasemwa mno. Machweo na kutazamana sitaki tena. Kazi gani ya ranchi inawaweka wawili hao pamoja bila mtu kushuku? Na kwa nini ndugu hawa wasigawane ardhi tu, kila mmoja akashika njia yake?

Senyenge:
Mkuu, anza na hilo la mwisho, ndiko ugomvi uliko.

Sheria ya Homestead ya 1862, iliyogawa ardhi ya serikali kwa walowezi, ilitoa ekari 160. Mwaka 1909 zikawa 320 kwa nchi kavu, na 1916 zikafika 640 kwa wafugaji. Kwa mkulima wa mahindi ni utajiri. Kwenye nyasi kavu za mashariki ya Montana, jike na ndama wake wanaweza kuhitaji ekari 30 kwa mwaka, kwa hiyo 640 ni ng'ombe ishirini tu. Hao wako 300 wanataka kama ekari 9,000, na sehemu kubwa ingekuwa ardhi ya serikali iliyolishwa bila kibali hadi sheria ya Taylor ya 1934.

Sasa angalia bonde la mtoni, mnapokatwa majani ya kukausha. Ng'ombe mmoja hula kilo 11 hadi 12 za majani makavu kwa siku. Kwa siku 150 za theluji ni karibu tani 1.7, na kwa kundi zima zaidi ya tani 500. Atakayepewa bonde amepewa ranchi. Atakayepewa vilima atauza ng'ombe kabla ya Krismasi. Ndiyo maana hawagawani.

Kisha ongeza deni. Ukame ulianza 1917, ule wa 1919 ukawa mbaya sana, na benki nyingi za Montana zikafa miaka iliyofuata. Weka hati ya mkopo inayotaka sahihi za ndugu wote wawili, rehani yake ikiwa ng'ombe wenyewe. Na jiulize chapa ya ng'ombe imesajiliwa kwa jina la nani. Mimi ningeiacha kwa mama.

BintiMalisho:
Penzi liweke kwenye banda la kuzalishia, mwezi Machi, saa tisa usiku. Mitamba wanaozaa mara ya kwanza hukaguliwa kila baada ya saa mbili au tatu. Mume analala kwa sababu alfajiri ndiye anayepeleka majani kwa sleji ya farasi, gari la kuteleza juu ya theluji. Zamu ya usiku inabaki kwa hao wawili, na mama mkwe ndiye aliyeipanga!

Chupa ya uzazi, ule mfuko wa maji, ikishatoka na saa nzima ikapita bila maendeleo, wanaingilia. Mikono hadi kwenye viwiko, maji ya moto, sabuni. Kwanza wahakikishe ni miguu miwili ya mbele na pua. Kamba laini hufungwa vitanzi viwili kila mguu, kimoja juu ya kifundo na kingine chini yake, maana kitanzi kimoja hukusanya nguvu yote mahali pamoja na mfupa huvunjika. Huvutwa mguu mmoja kisha mwingine, na pale tu mtamba anaposukuma. Kichwa na mabega vikishatoka, ndama huvutwa kuelekea chini, kwenye visigino vya mama. Wakivuta moja kwa moja nyuma, nyonga za ndama zinaweza kukwama.

Mazungumzo yote ya sura hiyo yawe: "Vuta. Ngoja. Ngoja. Vuta." Usiongeze neno.

Ndama akifa na kuna yatima, aliyekufa huchunwa ngozi, mkia uachwe kwenye ngozi kwa sababu jike hunusa huko, kisha yatima huvishwa ngozi hiyo na kufungwa kamba, ili jike aliyefiwa amdhanie wake. Ngozi huvuliwa baada ya siku tatu au nne, kabla haijaoza. Onyesha kazi tu. Usimfafanulie msomaji maana yake, tafadhali.

Na jambo la lugha: kwetu shemeji ana utani. Huko utani huo haupo. Ukiandika "shemeji" kila mstari, msomaji atacheka pale unapotaka anyamaze. Amwite kwa jina.

Senyenge:
Naafiki banda. Ugomvi uende siku ya kupiga chapa, mbele ya majirani wote. Chuma kiwe cha rangi ya jivu. Chekundu huwasha manyoya na chapa hutoka na ukungu. Manyoya yakiwa mabichi, mvuke huunguza pembeni, alama hutawanyika. Sekunde tatu hadi tano, ngozi ikiwa rangi ya tandiko, basi. Mdogo amemkandamiza ndama, mkubwa ameshika chuma, na anakishikilia kupita kiasi.

Simu nayo usiisahau. Baadhi ya ranchi zilizungumza kupitia waya wa senyenge wa uzio, laini moja kwa nyumba nyingi, kila nyumba na mlio wake. Jirani yeyote aliweza kuinua chombo akasikiliza. Hakuna siri inayopita humo.

kalamu_ya_mwanzi:
Nimepata zaidi ya nilichoomba. La mwisho: ndama wa kwanza nimemzalisha Machi 19. Fahali niwaachie lini?

BintiMalisho:
Mimba ni siku 283 hivi, kwa hiyo Juni 10, 1923. Kumbuka 1924 ilikuwa na Februari ya siku 29. Fahali mmoja kwa majike 25, jumla 12. Kundi liwe la ng'ombe wa aina ya Shorthorn, na jirani afuge aina ya Hereford. Uso mweupe wa Hereford hurithiwa hata kwa mchanganyiko, kwa hiyo fahali wake akipenya uzio mara moja tu, Machi kila mtu ataona. Mama aingie bandani na taa, amkute ndama mwenye uso mweupe, aulize: "Huyu wa nani?" Na wawili wale wawe wamesimama hapo.